Ile Nyekundu

Msimu ule tumbaku ilipolipa
Kashindye alishuka Tabora na pesa ndani ya soksi,
akarudi Ipole usiku, taa moja mbele kama jicho la chui,
na nyuma ya taa, nyekundu.
Tanki limetuna kama kifua cha jogoo.
Ekzosi unajiona meno.
Nani angeuliza swali? Nilipiga vigelegele mimi,
mpaka jirani akatoka na panga.

Majuto ni mjukuu, husema watu.
Wetu hakungoja hata tupate mtoto.
Wiki ya pili mchanga wa njia ya mizinga
uliimeza mpaka ekseli.
Wiki ya tano, kabureta. Spea Tabora haipo,
Mwanza haipo, Dar ipo, labda.
Miezi miwili ililala chini ya turubai,
kuku akatagia kitini.
Tukamuuzia mwalimu wa Sikonge kwa nusu bei.
Kashindye alilikunja turubai mara nne,
akalipandisha darini,
na siku ile hakula.

Mwaka huu pesa ni ya asali,
na aliyeirina ni mimi,
moshi machoni, nyuki ndani ya kilemba.
Nikaenda mwenyewe.

Pale dukani Isevya, Hilali alinipima
kuanzia kandambili kwenda juu.
"Mumeo yuko wapi, mama?"
"Nyumbani. Yeye alishachagua."

Ya kwanza niliikalia, miguu ikaning'inia
kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.
Ya pili, keria nyembamba: dumu moja litakaa,
la pili litaniaga Tutuo.
Ya tatu ilikuwa pembeni, kijani cha gunia la mbolea,
uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Nikaomba madumu mawili ya maji.
Hilali akacheka. Nikangoja amalize.
Nikayafunga kwa mpira, kushoto, kulia,
nikainama huku, nikainama kule.
Visigino vyote viwili vilikuwa chini.

Sikulipa.
Nilikwenda kwa fundi Mihayo, mikono yake oili tupu,
na sikumuuliza ipi nzuri.
Nilimuuliza ipi ameifungua mpaka amechoka nayo.
Hakuinua kichwa. Alielekeza spana: kijani moja,
kijani nyingine, na ile kule yenye matope.
"Ikifa Jumatatu, Jumanne unaondoka nayo.
Plagi yake utaikuta hata duka la chumvi."

Nikalala kwa dada yangu, Ng'ambo.
Tamaa nayo ni kama uji,
ilaze usiku mmoja uone kama itachacha.
Asubuhi bado niliitaka.
Nikalipa noti kwa noti, nikapiga magoti sakafuni,
nikaisoma namba ya chesisi kwa kidole,
nikaangalia kadi: Nyamizi Lugembe,
herufi zote zipo.

Sasa hili sijamwambia mtu.
Sikonge, penye lami, ilinipita.
Nyekundu ileile. Mwalimu kanyooka,
binti yake nyuma kashika daftari,
na injini inanong'ona, haikohoi, haitoi moshi.
Kwenye lami haina kosa hata moja.
Haikuwa mbaya, kumbe.
Ilikuwa ya barabara nyingine.
Nikasimama kando nikajifanya nakaza kamba,
na kitu kikanichoma hapa, chini ya titi,
kama mwiba wa nyuki uliobaki tangu msimu uliopita.
Kisha lami ikaisha. Mchanga ukaanza.
Kijani yangu ikainamisha kichwa, ikapita.

Kashindye aliizunguka mara tatu.
Akalipiga teke tairi la nyuma.
"Sura hana," akasema.
Akakalia, akashuka, akakalia tena.
Halafu, akiangalia pembeni, upande wa banda la kuku:
"Njiani hukuiona ile nyekundu?"

Nilikuwa nafungua mpira wa dumu.
"Sikuiona," nikasema. "Shika hapa."